Piramidi ya Kashata

Mwaka 1971, nikiwa na miaka tisa, baba alifariki na shida ikaanza. Shule niliiacha darasa la tatu, nikaenda kuchoma matofali Nanyala. Nayasema haya ili mtu akisikia niliwahi kujenga piramidi ya Misri asidhani nilisoma.

Duka langu la mikate na kashata liko Tunduma. Mwaka juzi, Krismasi ikikaribia, jirani wa ng'ambo ya barabara aliweka kioo kizima mbele ya duka lake, na taa za rangi. Wateja wangu wakahamia huko. Nikajua sikukuu ikipita hivi, Januari nafunga.

Kwenye kalenda ya ukutani kulikuwa na picha ya piramidi. Nikamwambia mke wangu, "Hii nitaijenga kwa kashata, niiweke mbele. Ni tofali tu, na wa kunifundisha tofali hajazaliwa."

"Basi uwe unaitazama hiyo kalenda."

Sikuitazama. Nilikata kashata za karanga kama matofali, nikazipanga kwa shira nzito, mikono ikaenda yenyewe. Nilipomaliza nikajisifu kwa sauti. Mke wangu akazunguka meza, akainama.

"Mzee, hii midomo miwili huku chini ni ya nini?"

"Ya kuni," nikajibu kabla sijafikiri.

Alitafuta kwanza gunia la unga la kukalia, ndipo akacheka.

Nilikuwa nimejenga tanuru la kuchomea matofali. Kuta wima, juu bapa, nje nimelikandika sukari kama udongo. Na sukari yote ya sikukuu ilikuwa imeishia pale. Tukaliweka mbele hivyo hivyo, na kibao: PIRAMIDI YA MISRI.

Mama mmoja Mzambia akasimama. "Bashikulu," akaniita, yaani babu, "kumbe Misri nao wanachoma matofali?" Watu wa Mbozi, wachoma matofali wenyewe, hata kibao hawakusoma. "Mzee, unawasha lini?" Walikuja kunicheka, lakini hawakutoka mikono mitupu. Mkulima wa kahawa kutoka Itaka, aliyekuwa anamalizia nyumba, akaagiza tanuru lake la kashata la siku ya kuhamia.

"Ila midomo usiizibe," akasema. "Wageni watajuaje ni nini?"

Tangu hapo anayemaliza nyumba anakuja kwangu. Januari sikufunga.

Leo nina duka hilo, oveni mbili, shamba la kahawa, ng'ombe wanne, nyumba ya matofali niliyochoma mwenyewe, pikipiki mbovu, na kibao cha PIRAMIDI YA MISRI, ambacho mke wangu amenikataza kukitupa.