Mjomba Alivyoziba Ardhi ya Mtaa

Mjomba wangu ni fundi wa pevingi, yale matofali madogo ya saruji watu wanapanga uani wasikanyage matope. Na sisemi kwa kuwa ni mjomba, jamani, huyu mtu ana mkono! Anapiga goti, anaweka tofali, anagonga na nyundo ya mpira, ta-ta, anahamia jingine. Mafundi wengine wanapanga juu ya mchanga basi. Yeye anatandaza nailoni nene kwanza, halafu zege jembamba, halafu ndio tofali. Eti majani yasiote. "Mchanga ni uvivu," anasema. Mtaani wanamwita Vumbi Kwisha.

Na mimi ndiye nilimtangaza. Nilikuwa namrekodi na simu, namwekea muziki, narusha. Watu walivyopenda! Miaka minne tu, nyua zote za huku mlimani juu yetu zikawa zinang'aa kama sahani. Nilijiona meneja.

Sisi tunakaa bondeni. Mama, ambaye ni dada yake mjomba, anafulia watu nguo, na maji anachota kisima cha uani kwetu. Mwaka huu kisima kikaanza kugoma. Ndoo inatoka na matope, asubuhi unapata mbili, ya tatu ni tope tupu. Wateja wawili wakapeleka mashuka yao kwingine.

Sasa jirani yetu, mchomeleaji mageti, alikuwa na kisima chake, kirefu kuliko chetu, na ametoka kununua pampu. Mama akajumlisha mwenyewe, kwamba pampu ndiyo inamaliza maji yetu.

"Unanyonya mpaka maji yangu!" alimrushia juu ya ukuta. "Kunguni wewe!"

"Mama Mashuka, maji yana jina lako?"

"Yatakuwa nalo ukishaondoa hilo dubwana lako!"

Zamani walikuwa wanaazimana hadi chumvi hao. Ikawa hata salamu hakuna.

Basi mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Ya nne, mwalimu mmoja wa huko juu akamwita mjomba, bomba limeziba chini ya pevingi. Nikaenda na simu yangu. Njiani maji ya barabarani yalikuwa yananifika kwenye vifundo, yanakimbia kwenda mtaroni. Mjomba akang'oa matofali, akavunja zege, akachana nailoni.

Udongo ulikuwa mkavu. Mkavu kama unga! Siku tatu za mvua, na chini hapo hakuna hata tone. Mjomba akauchota, ukampita kwenye vidole. Akachimba zaidi. Hakuna nyungunyungu, hakuna sisimizi, hata mzizi ulio hai hakuna.

"Mwaka huu umesikia chura?" akaniuliza.

Nikafikiria. Zamani mvua ikikatika tu, hapakaliki kwa kelele zao. "Hapana."

"Zima hiyo simu."

Nikaizima. Nilielewa, na yeye alijua nimeelewa. Maji ya mvua yalikuwa yanazama huko juu na kushuka polepole mpaka kisima chetu. Tukayafungia mlango, yeye kwa nyundo, mimi kwa simu.

Mngedhani tulienda kusema. Wapi! Wiki mbili tulinyamaza. Mjomba akawa anamletea mama madumu ya maji kwa mkokoteni, na mama anamwombea dua mbele yangu: "Mungu akuzidishie, wewe ndio ndugu. Si yule mnyonyaji." Mjomba anaacha chai nusu, anaaga. Mimi naangalia miguu yangu.

Halafu mama akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, anataka pampu ya jirani ing'olewe. Jumamosi wakakaa uani kwetu, na mama akamwita mjomba awe shahidi.

"Fundi," mwenyekiti akasema, "wewe unaijua ardhi ya hapa. Pampu ndiyo inayomaliza maji ya dada yako?"

Mama akamgusa mjomba na kiwiko. "Sema, baba."

"Si pampu," akasema. "Ni mimi, dada." Akaeleza yote, mpaka nailoni. Nikaona ananibeba, jina langu halitaji, nikasema na mimi, kwamba nilijua tangu kwa mwalimu.

Mama akamgeukia mjomba. "Miezi mitatu namtukana mtu wa watu," alisema taratibu, "na wewe unaniletea madumu nikuombee dua?"

Tangu siku ile hajamsemesha mjomba. Mimi ananituma tu. Mjomba kapita nyumba zote kuomba afumue kazi yake atoe nailoni, apange upya juu ya mchanga. Wengi wamemcheka. "Vumbi Kwisha karogwa!" Ni mwalimu peke yake aliyekubali. Namsaidia kubeba matofali huko kila nikitoka shule, na sirekodi.

Kisima hakijarudi. Jana mchomeleaji alipitisha mpira wa maji juu ya ukuta, ukadondokea kwenye beseni la mama.

"Mama Mashuka, kinga! Kunguni kakuletea."

Mama alifulia maji hayo mpaka mashuka yakaisha, kichwa kainamisha, kisha akaniambia nikamwite jirani aje kula. Ya mjomba hakusema, na mimi sikuwa na uso wa kumuuliza.