Mazoezi Yamefanyika

Juzi, kwenye chumba cha mazoezi ya viungo hospitalini Musoma, niliketi karibu na mzee wa Bunda mwenye bega lililokaza. Wiki mbili nyuma aliagizwa awe anainua chupa ya maji nyumbani, asubuhi na jioni.

"Mzee, mazoezi umefanya?" mtaalamu akauliza.

"Yamefanyika."

"Na nani?"

Akamnyooshea kidevu mkewe aliyeketi kando yake. "Si huyu hapa? Kazi za nyumbani ninamwachiaga yeye."

Mtaalamu akamwomba mama anyanyue mkono. Ukapanda wima kama mlingoti.

"Huyu amepona."

Mzee akanuna, akadai sindano. Hiyo hakumwachia mke.

Nilimcheka mpaka zamu yangu ilipofika, nikaulizwa kuhusu mazoezi ya mgongo wangu.

"Yamefanyika," nikajibu, nikitazama dirishani.