Klementina na Watu wa Kaseti

Mtu aliyetaka kumuuzia Klementina mawese ilibidi awe na subira. Akiletewa dumu haulizi bei. Anafungua, ananusa, anachovya kidole, anaonja, anatema, halafu anauliza, "Na huku chini kuna nini?" Aliwahi kuuziwa dumu ambalo nusu yake ilikuwa maji, na muuzaji alikuwa binamu yake wa damu kutoka Simbo. Tangu hapo alisema akiona mtu anaapa sana, anajua ana la kuficha.

Alizaliwa huko huko Simbo, akasoma kwa masista mpaka darasa la nne, akaolewa Buzebazeba na mpakia mizigo wa bandarini. Mume alipofariki, ndugu wa mume walimjia na maneno matamu juu ya nyumba. Aliwasikiliza, akawapikia, akawasindikiza hadi njia panda, na nyumba akabaki nayo. Watoto wake wawili walikuwa wameshaondoka, mmoja Tabora, mwingine Mpanda. Mtaani walimwita Polisi. Alijua, na wala hakuona tusi.

Mwaka tisini na sita, vita vya Zaire vilipofika ng'ambo ya ziwa, maboti yalishusha watu ufukweni Kibirizi kutwa nzima. Klementina alikuwa pale kutafuta dagaa, na dagaa siku ile hakuna aliyewaanika. Katikati ya msongamano mwanamke asiyemjua akamtia mtoto mikononi, amefunikwa gubigubi na kitenge.

"Si wangu, mama. Nilimukuta njiani analia. Anasema anaitwa Kiza. Nishikie, nikatoe mafurushi yangu."

Klementina alishika. Malori ya kupeleka wakimbizi kambini yakajaa, yakaondoka, na yule mwanamke hakuonekana tena. Mtoto, miaka mitatu hivi, alikuwa amemlalia begani.

Alimpeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwenye ofisi ya shirika moja lililoshughulikia watoto waliopotezana na wazazi, wakamtambua yeye kuwa mlezi mpaka ndugu wapatikane. Yote aliyoulizwa aliyajibu, isipokuwa jambo moja. Mtoto alipofunuliwa kile kitenge nyumbani, alikuwa na kitu cha ajabu ambacho Klementina alikiona peke yake, akakirekebisha kabla majirani hawajaja kuchungulia, na hakumwambia hata padri. Alijua siku moja atakuja mtu kudai. Siku hiyo alitaka awe na swali ambalo jibu lake halijazagaa mitaani.

Na jina lenyewe alilitegemea. Kwa Waha wenzake, na kwa Warundi pia, Kiza si jina la kumpa mtoto yeyote. Ni la anayezaliwa baada ya mapacha. Kwa hiyo, Klementina alijiambia, mwenye mtoto atakuja akitaja mapacha wawili. Asiyewataja ni mwizi.

Mwaka wa pili wa kulea, akaja Patrick. Alikuwa kijana wa mtaa wa Mwanga, mpole, ana kamera ya video begani na gari la lile shirika lenye televisheni, deki na jenereta nyuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hiyo inapiga nini?"

"Sinema, mama. Tunawapiga picha watoto waliopotea, halafu tunazunguka kambini tunawaonyesha watu. Mzazi akimwona wake, anasema. Tumeshawarudisha wengi."

"Na asiye mzazi akimwona?"

Patrick akacheka. Klementina hakucheka.

"Nakuuliza. Huko kambini kila kichwa kina posho yake ya mahindi na maharage. Mtoto ni kichwa. Wewe unawasimamishia watu mtoto kwenye kioo, wanamkagua kama kitambaa dukani, kesho wanakuja kwangu wanamjua kuliko mimi."

Walivutana nusu ya asubuhi. Mwisho Klementina alikubali kwa sharti: uso waonyeshe, jina wasilitaje. Patrick akakubali. Klementina akamnunulia mtoto gauni jekundu, akampaka mafuta, akakaa kando ya kamera kama mlinzi mpaka ilipozimwa. Kiza alicheza na mchanga, akaimba, akacheka. Gari likaondoka.

Hazikupita wiki tatu, mtu akapiga hodi asubuhi, akaamkia kwa sauti.

"Mwakeye, mama! Kiza yuko wapi? Kiza mwanangu!"

Klementina alijiuliza: Jina limefikaje kwa mtu huyu?

Alikuwa mwanamume wa makamo, anaitwa Harerimana, Mrundi wa kambi za upande wa Kasulu. Aliketi, akaomba maji, akaeleza bila kuulizwa kwamba Kiza alizaliwa baada ya mapacha wake, Bukuru na Butoyi. Majina ya mapacha yalikuwa sawasawa. Lakini hata Klementina angeweza kuyataja, maana kila pacha wa nchi zile ni Bukuru na Butoyi. Alikuwa amejifungia mlango kwa kufuli ambalo kila mtu ana ufunguo wake.

"Pole sana, baba. Siku mlipopotezana, mtoto alikuwaje? Nieleze nimwone."

Harerimana akafumba macho. "Alikuwa na gauni jekundu. Namwona mpaka leo."

"Jekundu."

"Jekundu kabisa, mama. Naapa."

"Basi ana bahati, gauni limekua pamoja naye. Nililinunua sokoni mwezi uliopita."

Yule mtu hakubisha. Alilia, na kilio kile hakikuwa cha kuigiza. Labda naye alikuwa na wake aliyempoteza porini, akaona huyu atamfaa. Klementina alimpa chakula, lakini alikuwa amekwisha kumfungia mtoto chumbani.

Patrick alipopita tena, alikuta mwiko unamngoja.

"Ulisema jina halitatajwa!"

"Mama, sikulitaja mimi. Alijitaja mwenyewe akiimba. Wakubwa ofisini walipoona wakasema kile kipande kibaki, kinagusa."

"Kinamgusa nani?"

"Watazamaji, mama. Na wafadhili."

"Kimewagusa kweli. Mmoja ameshakuja kugusa mpaka mlangoni."

Kijana aliinamisha kichwa. Aliahidi kwamba mtu mwingine akijitokeza, hatampa njia ya nyumba; atamleta mwenyewe kwa gari, mbele ya watu. Na ndivyo ilivyokuwa. Mwezi mmoja baadaye alimleta mwanamke aitwaye Elida, Mbembe wa upande wa Baraka, ng'ambo ya ziwa, sasa yuko kambi ya Lugufu. Mzee kidogo kuliko Klementina, mrefu, amejitanda kitenge kilichofifia, na hakuja na uso wa kuomba. Alisimama uani akaitazama nyumba, jiko, madumu ya mawese, halafu Klementina, juu mpaka chini.

"Ni weye?"

"Ni mimi nani?"

"Mwenye kukaa na mujukuu wangu. Kwenye sinema nilikuona, umekaa kando, umekaza macho kama mwenye kulinda duka."

Skolastika, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyekuja eti kuazima chumvi, akaweka kibakuli chini. Hakuwa na haraka tena.

"Karibu kiti," Klementina akasema. "Huyu mtoto anafuata nani kwa kuzaliwa?"

"Hamufuati mutu. Ndiye wa kwanza wa binti yangu, na binti yangu alikufa akizaa wa pili."

"Mapacha je?"

"Mapacha gani? Kwetu hakuna mapacha."

Klementina alipumua. Ndiyo hivyo, huyu rahisi kuliko yule. "Patrick mwanangu, mrudishe mama wa watu. Kiza bila mapacha sijapata kusikia."

Elida alicheka kwa dharau mpaka mabega yakacheza. "Ninyi Waha munafikiri ziwa lote linazaa kama ninyi! Kiza ni jina la mama yangu muzazi. Yule ndiye alifuata mapacha, zamani za Wabeleji. Huyu tulimupa ili jina lisipotee."

"Jina hilo halirithiwi."

"Kwenu. Kwetu jina ni la mutu, na mutu ana wajukuu."

Jambo hilo Klementina hakuwa amewahi kulifikiria. Miaka miwili amelala na mapacha kichwani, amewapa sura, amewapa hata tabia, na kumbe huenda hawakuwahi kuzaliwa. Lakini huenda pia huyu mwanamke ni mjanja kuliko Harerimana. Akarudi kwenye swali lake la akiba.

"Haya. Siku mlipotengana, mtoto alikuwaje?"

Elida akakunja mikono. "Weye ndiye ulimupokea. Anza weye."

"Nikianza, utasema ndivyo hivyo."

"Na miye nikianza, utasema sivyo. Nani atakupinga? Umemulea, umemuzoea, sinema zinakuja kukupiga. Miye najuaje kwamba unataka kumuachia? Najuaje hukumuiba pale Kibirizi?"

"Mimi nimeiba?"

"Nimeuliza."

"Skolastika, umesikia? Nimeitwa mwizi uani kwangu!"

"Nimesikia," Skolastika akajibu, "lakini na yeye ana hoja."

Wakakaa hivyo, wawili wamekazana macho, kila mmoja ameshika neno lake kama mtu aliyeshika sarafu ya mwisho. Jikoni mtoto alichungulia, akarudi ndani. Alikuwa amesikia jina lake likitajwa kwa ukali, akadhani amevunja kitu.

Patrick ndiye aliyeukata ubishi. "Semeni kwenye kamera, humo ndani ya nyumba. Kila mmoja peke yake. Halafu tunaiweka kwenye televisheni, wote mnatazama pamoja."

Elida akamgeukia. Klementina pia.

"Na wewe utakuwepo unasikiliza?" Klementina akauliza. "Ili umnong'oneze mwenzako uliyemleta?"

"Basi nitaiwasha nitoke."

"Utatoka mpaka barabarani. Skolastika atasimama mlangoni. Na mkanda usiguswe mpaka tumerudi wote."

"Na dirisha lifungwe," Elida akaongeza.

Hapo ndipo walipokubaliana kitu kwa mara ya kwanza.

Aliingia Elida. Alikaa kitambo, akatoka anajifuta uso kwa ncha ya kitenge. Akaingia Klementina. Kile kitu kilikuwa kimesimama juu ya miguu yake mitatu, jicho jeusi, taa nyekundu inawaka. Tangu mwanzo alikichukia kwa sababu hakimfichii mtu siri. Leo alikuwa amekuja kukipa ya kwake, kwa sababu hapa hapakuwa na mwingine aliyeweza kusikia bila kuchagua upande.

Walipoketi wote uani, majirani nao wamejaa, jenereta likanguruma, televisheni ikatokeza uso wa Elida.

"Miye ni Elida. Asubuhi ile nilikuwa namunyoa mutoto, chawa zilimusumbua. Nilianza upande mumoja. Nimefika katikati ya kichwa, bunduki zikalia. Mujomba wake akamunyakua, akakimbia naye kwenye maboti. Nilibaki na wembe mukononi. Alikwenda na kichwa nusu. Mujomba sikumuona tena. Ndiyo hayo."

Majirani walimgeukia Klementina. Hakutikisika. "Endelea," akamwambia Patrick.

Uso wake mwenyewe ukatokea, umekunjamana, unaongea kwa sauti ya juu kana kwamba kamera ni kiziwi.

"Mimi ni Klementina, wa Buzebazeba. Mtoto alikuja amenyolewa nusu. Kulia hakuna kitu, kushoto nywele tele. Nilidhani ni mila yao, nikadhani ni ugonjwa, nikadhani kuna mtu amemfanyia mambo. Nikanunua wembe nikammalizia. Sijamwambia mtu. Nimemaliza."

Patrick alizima jenereta. Kiza, aliyekuwa amekaa mbele kabisa kwa kufurahia kumwona mama kwenye kioo, alikuwa amepandisha mkono kichwani anajipapasa.

"Ulimumalizia," Elida akasema taratibu.

"Ningemwacha vile?"

Elida akainuka kumkumbatia mtoto, na Patrick, kwa mazoea ya kazi, akainua kamera. Klementina aliweka kiganja juu ya kioo chake.

"Hapana. Hapa umeshapata cha kutosha."

"Mama, hiki ndicho watu wanataka kuona. Kitasaidia wengine."

"Waonyeshe yale maneno ya nywele. Anayetafuta wake ajifunze kuuliza vizuri. Hiki hapana."

Kamera ikashuka.

Siku ya Kiza kuondoka na bibi yake, shirika lilipokuja na gari, walimkuta Klementina ameshakaa ndani, amepakata kikapu. Hakuna aliyemwalika. Huko Lugufu aliingia kibanda cha Elida, akabonyeza kitanda, akafunua sufuria, akanusa pipa la maji, kisha akatoka kumuuliza jirani kama huyu mama hunywa pombe. Elida alikuwa nyuma yake.

"Hanywi," Elida akasema. "Muulize na kama anaiba."

Klementina aliuliza. Akaaga bila kulia mbele ya mtu, akasema atarudi na hatasema lini.

Alirudi mwezi uliofuata, kwa lori la chumvi la Uvinza. Akakuta kibanda kimefungwa. Jirani hayupo. Akaanza kuwaza: wamehama, wamerudi ng'ambo, ametapeliwa mchana kweupe na mkanda ukiwa ushahidi. Aliketi kizingitini, hakuinuka hata jua lilipomfikia.

Wakatokea njia ya bombani. Elida ana ndoo, na nyuma yake Kiza ana kidumu chake kidogo, anasimulia jambo kwa Kibembe, haraka haraka, maneno ambayo Klementina hakuelewa hata moja. Mtoto alipomwona mtu mlangoni alinyamaza, akajificha nyuma ya kitenge cha bibi yake, akachungulia kwa jicho moja.

Klementina aliinuka. Akajisogeza pembeni, akaacha njia ya mlangoni.

"Hata shikamoo siku hizi hakuna?"

"Shikamoo, mama," mtoto akasema, bado ameshika kitenge.