Ardhi Moja, Ramani Moja

Mkurugenzi aliniuliza swali moja tu: ile diski ya kuhifadhia nakala ya tawi la Kondoa irudi makao makuu, au ibaki? Nikasema irudi. Ningeweza kukataa. Nilikuwa mtunza ramani wa ofisi ile tangu ilipokuwa vyumba viwili pale Miyuji, Dodoma, na kwa mambo ya ramani mkurugenzi hakuwa akinipinga. Wapo wanaosema mzee kama mimi niliburuzwa na vijana wa kompyuta. Hiyo ni huruma ambayo sikuiomba. Sikuburuzwa. Nilisema irudi, kwa kinywa changu mwenyewe.

Niliishia kidato cha nne. Kuchora ramani nilifundishwa kazini serikalini, kwa wino na rula, na soko huria lilipowafungulia wapimaji binafsi mlango, nikamfuata mmoja wao. Kazi ikaja kwa wingi: viwanja vya mjini, mashamba, mipaka ya vijiji. Tukafungua tawi Mpwapwa, kisha Kondoa. Picha za anga zilikuwa nzito mno kutumwa kwa mtandao wa wakati ule, kwa hiyo tuliziweka kwenye flashi, flashi kwenye bahasha, bahasha tukampa kondakta wa basi. Aliyekuwa na flashi ndiye aliyechora. Wengine walingoja.

Tulipokuwa wengi, kungoja kukawa ugonjwa. Ndipo mkurugenzi akaleta mpango wa kuhifadhi kila kitu kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za watu wengine huko mbali, ili faili likibadilishwa Kondoa lijibadilishe lenyewe Dodoma.

Kule Kondoa alikuwapo mpimaji wetu mmoja tu, mdogo wake mke wangu. Mimi ndiye niliyemwombea kazi. Nilipompigia kumwambia habari za diski, alicheka.

"Shemeji, wingu la Dodoma unaliamini wewe? Si lile linalopita juu yenu kila mwaka likanyeshee wenzenu?"

"Lete diski, acha maneno."

"Niachie hata hako kamoja. Huku bando likiisha mimi ni kipofu."

"Kila kitu kitakuwa juu. Utaona."

"Haya, mkubwa. Likinyesha mawe nitakuja kujificha kwako."

Akaituma na basi. Nikaifuta mwenyewe na kumpa kijana wa Mpwapwa aitumie kwa kazi nyingine.

Na mpango ulifanya kazi, siwezi kuusingizia. Mwanzoni mtandao ulikwama kutwa nzima, basi tukaurekebisha. Picha za anga tukaziacha ndani ya ofisi, tukapandisha michoro peke yake. Kila tawi likapewa folda ya wilaya yake tu. Mafaili makubwa yakasafiri baada ya saa za kazi. Miezi ile tulichapa ramani kuliko wakati wowote, na mimi, ambaye vijana waliniita Mzee Wino, nikapewa kazi ya kusafisha wingu lisijae. Neno la siri lilikuwa moja kwa ofisi nzima, maana kila akaunti ililipiwa.

Sasa nieleze desturi niliyotoka nayo kwenye karatasi. Ramani mpya ikishapitishwa, ile ya zamani huchanwa siku hiyo hiyo. Ardhi moja, ramani moja. Ukiacha mbili, mmoja atakuja na hii na jirani yake na ile, na wote watakuwa na muhuri. Nimeona watu wakishikiana mapanga kwa sababu ya mchoro ambao mtu fulani aliona uchungu kuuchana. Niliwafundisha vijana desturi hiyo kwa ukali, na mpaka leo sioni kosa ndani yake.

Shemeji alikuwa akipima mpaka wa vijiji viwili, njia ya kwenda Kolo. Ulikuwa mgogoro wa miaka. Alitembea na wazee wa pande zote korongo kwa korongo mpaka wakakubaliana, kisha akakaa kuchora. Bando likamwishia. Akaendelea kuchora gizani, mtandao umezimwa, na huku Dodoma mimi nikalinyoosha faili lile lile la mpaka ule, likiwa bado la zamani, likae vizuri kwa ajili ya ripoti. Alipopata bando, kazi yake ikapanda ikakutana na yangu. Mtambo haukujua umwamini nani, ukaziweka zote mbili, ya kwake ukaiongezea mkia mrefu wa herufi kwenye jina.

Asubuhi nikakuta ramani mbili za ardhi moja. Nikafuta yenye mkia. Sikuifungua. Halafu, kwa kuwa nafasi ilikuwa imejaa, nikamwaga na pipa la taka la wingu, ambamo faili lililofutwa lingeweza kuokolewa.

Simu yake ilikuja nikiwa nanawa mikono kwa ajili ya chakula.

"Shemeji, ramani yangu imepotea mbele ya macho yangu. Nilikuwa nayo hapa, sasa haipo."

"Vipimo si unavyo kwenye kifaa cha kupimia?"

"Nilishavifuta, nimeanza kazi nyingine. Si mlisema kila kitu kiko juu?"

Nikaenda kwenye kompyuta. Nilijua kabla sijakaa.

Mkurugenzi aliitisha kikao. Alisema kosa ni la Kondoa, kwa kuzima mtandao. Nikasimama nikasema nimefuta mimi.

"Mzee, kaa chini. Unamkinga shemeji yako."

"Nimefuta mimi, kwa mkono huu. Na diski ambayo ingetuokoa nimeifuta mimi pia."

"Neno la siri ni moja. Huwezi kuthibitisha."

"Basi nifukuze bila uthibitisho!"

Akatufukuza wote wawili. Hilo nililitarajia. Ambalo sikulitarajia ni vile vijiji viwili. Mpimaji ambaye ramani yake inatoweka baada ya wazee kukubaliana, watu wana jina lake: amekula. Upande mmoja ukasema kahongwa na upande wa pili, na upande wa pili ukasema vivyo hivyo. Nikapanda basi kwenda kuwaeleza. Walinisikiliza ndani ya ofisi ya kijiji kimojawapo mpaka mwisho, kisha mama mmoja akauliza:

"Baba, wewe ulikuwa Dodoma?"

"Ndiyo."

"Na ramani ilikuwa huku Kondoa?"

"Ndiyo."

"Ukaichana ukiwa Dodoma?"

Wakacheka. Mwenyekiti alinyamazisha watu, akaniuliza mimi ni nani kwa yule mpimaji. Nikasema ni shemeji yangu. "Aa," akasema, na hapo ushahidi wangu ukaisha. Nilipaza sauti. Nilirudi tena mara nyingine, nikapaza sauti tena. Nikipata nauli leo nitakwenda, wacheke wanavyotaka, kwa sababu ninachosema ni kweli.

Mpaka ule ulipimwa upya na ofisi nyingine, lakini wazee wawili walikuwa wamekwishafariki na vijana wao walikataa makubaliano. Shemeji hakupata tena kazi ya upimaji wilaya ile. Alihamia Kibakwe, analima. Mke wangu huenda kumwona peke yake, kwa sababu mimi hanipokei; niliwahi kufika, akamtuma mwanawe aniambie hayupo, nami namsikia anakohoa ndani.

Kazi niliyopoteza hainiumizi. Kusema diski irudi kumenigharimu ndugu, na kumemgharimu yeye jina lake, na jina hilo sijaweza kumrudishia.