Alhamisi Tatu Bila Jina la Veronika

Harufu ya pasi ya makaa ikipita juu ya kitambaa chenye unyevu ndiyo Alhamisi yangu ya utotoni. Baba alikuwa fundi cherehani hapa Gisenyi, mji wetu wa kando ya ziwa, miaka ya hamsini, na siku hiyo ikifika alasiri aliweka pasi kando, akafunika cherehani kwa shuka, akatuita sote mkekani. Kila mmoja, hata sisi watoto, alimtaja mtu mmoja mwenye shida, wengine wakaitikia amina. Sharti la nyumba yetu lilikuwa moja: aliyetaja ndiye aliyepeleka chakula kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa. Baba mdogo, aliyependa ubishi kuliko kula, alisema dua haijazi tumbo la mtu, tupeleke maharage tu, mambo yaishe. Mama alimjibu kwamba hata kuku hutupiwa punje bila kuombewa. Walibishana hivyo kila wiki, nami nilifurahi kuwasikiliza.

Mimi nilikuwa msichana mvivu, tena mvivu mwenye akili. Nilimtaja Veronika, mjane Mkristo aliyeuza samaki wa ziwani kutoka Rubona, kwa sababu nyumba yake ilikuwa nyuma ya ua wetu. Nilifika kwake kabla mchuzi haujapoa. Aliipokea sahani kwa mikono miwili na kuniuliza, "Jana mulinitaja?" Nilijibu ndiyo, nikiona ni maswali ya wazee tu. Kisha msimu mmoja wa mvua miguu yake ikavimba, akashindwa kusimama sokoni, na kaka yake akaja kumchukua akakae kwake Kanzenze. Kanzenze ilikuwa mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Alhamisi iliyofuata nikamtaja muuza tumbaku wa jirani, mtu mwenye mashavu manono ambaye sahani yangu ilimchekesha. Nikamtaja tena, na tena. Wiki ya tatu Baba akaniambia taratibu, "We unaomba kwa kupima njia." Sijapata kuona aibu kama ile.

Jumamosi tukaondoka naye alfajiri, mimi nikijitwisha kapu la unga na samaki wakavu. Nilijua nitaulizwa nini, na njia nzima nilikuwa natunga uongo. Tulimkuta Veronika ameketi mlangoni, amekonda. Alimshukuru Baba, akaweka kapu kando ya rundo la viazi vya kaka yake, akanigeukia.

"Mulikuwa munanitaja?"

Baba hakunisaidia. Uongo wangu wote ukaniponyoka kichwani.

"Hapana, Mama," nikasema.

Aliligusa rundo la viazi kando yake. "Viazi iko," akasema. "Chakula sikosi huku. Lakini tangu nifike, hakuna mutu amesema jina yangu mbele ya Mungu. Donc, basi, taja sasa, nisikie."

Nikainua mikono, nikamtaja huku nikilia. Baba akaitikia amina, naye Veronika akafanya ishara yake ya msalaba. Tulikula viazi vyake kabla ya kurudi, vikiwa na moshi na chumvi kidogo.

Siku hizi natuma pesa kwa kubonyeza simu nikiwa kitini, na mtu aliye mbali kule Bugeshi anapata cha kununulia unga kabla sijamaliza chai. Ni jambo jema, silidharau hata kidogo, maana mwenye njaa hana muda wa kusubiri. Lakini naukumbuka mkeka ule, na naukumbuka kwa uchungu, kwa kuwa kati ya waliokaa juu yake nimebaki mimi peke yangu. Mwezi uliopita nilimpa mwendesha pikipiki mfuko wa mchele ampelekee mama mmoja mgonjwa niliyesikia habari zake. Akaufunga vizuri, akawasha pikipiki, akauliza, "Nikifika, niulizie nani?" Nikafungua mdomo, sina jina. Nikamwambia asogee mbele kidogo anipishe nipande, twende wote.