Domina na Faili la Sabasaba

Miaka ile intaneti ilipoanza kuuzwa kwa nusu saa pale Kilosa, msimamizi wa kafe yetu alikuwa Domina, binti wa mzee wa reli, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukasirika. Mteja akilalamika kwamba faili limegoma, Domina alifungua kile kidirisha cheusi cha amri, akaandika chmod 777, na kila aliyetumia kompyuta ile akaweza kulisoma na kulibadilisha apendavyo. Mwenyewe aliita kazi hiyo kulifanya faili Sabasaba, maana watu huingia tu kama kwenye viwanja vya maonyesho.

Baba yake alipofariki, Domina ndiye aliyeandika wasifu wa kusomwa siku ya kusimika msalaba kaburini. Kati ya watoto wa marehemu akamweka Ditram, ambaye mzee alimzaa nje ya ndoa kule Ulaya, si ya Wazungu bali kijiji cha hapa hapa Kilosa. Kesho yake jina halipo. Akalirudisha, likafutwa tena. Kaka yake mkubwa, Vitalis, alikuwa akichapa barua zake hapo hapo, na faili lilikuwa Sabasaba.

Domina alifura. Akawaza, kama Sabasaba inafungua, basi Nane Nane itafunga. Akaandika 888. Mashine ikakataa, kumbe hesabu zake zinaishia saba. Tulimcheka sana. Ikabidi aketi na karatasi ya mafunzo: nne ni kusoma, mbili ni kuandika. Tarakimu ya kwanza ni ya mwenye faili, mbili zinazofuata ni za wengine. Akajipa sita, wengine akawaachia nne nne. Akaandika 644.

Jioni Vitalis akaja kaunta.

"Domina, mashine yako hainiruhusu kurekebisha."

"Mashine haina ugomvi na wewe, kaka. Ni mimi nimekunyima. Kusoma soma, kufuta hapana."

"Unataka tuaibike mbele za watu?"

"Ditram ameaibika peke yake miaka yote. Mimi nimechoka."

Vitalis akaondoka bila kuaga.

Lakini kwao wasifu husomwa na mtoto mkubwa. Siku ya msalaba karatasi ilikuwa mikononi mwa Vitalis, na kwenye karatasi hakuna amri ya kumzuia mtu kuruka mstari. Domina aliogopa waziwazi, kanga ameikunja mkononi. Ditram alisimama nyuma kabisa, karibu na baiskeli yake. Vitalis akasoma watoto mmoja mmoja, akafika kwa Ditram. Kisha akalisoma jina, akainua macho, akasema, "Sogea huku mbele, mdogo wangu."