Alhamisi Iliyoandikwa Jumapili

Wanafunzi walimwita Kimya, kwa sababu hilo ndilo neno alilowaambia kuliko jingine lolote. Sisi walimu wenzake tulimwita mama. Wengi wetu alitupokea tukiwa wageni, akatuonyesha stoo ya chaki na kiti cha ofisini kisichoangusha mtu. Hesabu alikuwa anaziweza kwelikweli, na alijua kwamba anaziweza, na taabu yote ilianzia hapo.

Muhula ule darasa lake lilipewa mwalimu wa pili, kijana mpole aliyetoka chuoni juzi juzi, wafundishe pamoja. Mwalimu mkuu akaweka sharti: kila baada ya kipindi, kila mmoja aandike katika daftari lao moja amefanya nini vizuri, amekosea wapi, na kesho atabadilisha nini.

"Andikeni ukweli," alisema. "Hakuna atakayewapa maksi."

Kimya aliona huo ni usumbufu. Akafanya kama wengi wetu tunavyofanya na maandalio ya somo: Jumapili alikaa barazani kwake, nguo zikikauka, akajaza wiki nzima. Somo limeeleweka. Kundi la nyuma wameelewa. Mume wake akachungulia begani.

"Mke wangu, Alhamisi umeshaifundisha?"

"Alhamisi naijua kuliko unavyoijua wewe."

Alhamisi hiyo ilikuwa zamu ya kijana. Walikubaliana afundishe somo la nusu na robo peke yake, kwa mara ya kwanza. Alikuja na mkasi na kamba. Hakuandika kitu ubaoni. Aliinua kamba akauliza, watu wawili wakiitaka, tufanyeje? Watoto wakajibu kwa makelele. Kimya alivumilia kidogo, kisha akainuka.

"Kaa, mwanangu. Unawachanganya."

Akachukua chaki mezani. Darasa likacheka. Kijana akaenda nyuma na kamba yake, masikio yakimuwaka.

Kipindi kilipoisha walikuja ofisini. Kijana akafungua daftari ukurasa wa siku hiyo aandike yake, akakuta Kimya ameshaandika, kwa ule mwandiko wake mzuri. Akasoma kwa sauti, polepole: "Leo mwenzangu amefundisha peke yake, kwa kujiamini. Mimi nimekaa nyuma, nimejifunza kwake."

Nilikuwa meza ya pili nikisahihisha. Kalamu yangu ikasimama.

"Mama," kijana alisema, "unanicheka mpaka kwenye maandishi?"

"Hapana, mwanangu. Sikucheki."

"Sasa hii ni nini?"

Nilimwona mama wa watu akitafuta uongo, na kwa heshima yake niseme kwamba aliuacha.

"Niliandika Jumapili," alisema.

Afadhali angekuwa anamcheka. Anayekucheka angalau amekutazama. Kijana alifunga daftari taratibu, akasema kesho atamwomba mwalimu mkuu amhamishe darasa, akatoka. Kimya aliona haya mpaka chai ikampoa mbele yake. Alinigeukia kama anayetaka nimtetee, nami nikaendelea kusahihisha. Najuta kidogo, lakini kidogo tu.

Ijumaa alimsubiri kijana mlangoni mwa darasa.

"Malizia kamba yako kwanza," alimwambia. "Ukishamaliza, ukitaka kuhama, hama. Nitakwenda kukuombea mwenyewe."

"Na wewe je, mama?"

"Nitakaa nyuma. Nikiinuka, nifukuze."

Akajibana kwenye dawati la mwisho pamoja na binti mmoja asiyesema sana, magoti yakigonga mbao. Kijana akaanza upya. Mahali fulani akasita, na mkono wa Kimya ukapanda wenyewe.

"Mwalimu," binti akamnong'oneza, "unataka kwenda chooni?"

Akaushusha upesi.

Kila dawati likapewa kipande cha kamba. Binti alikikunja, akakikata, akalinganisha vile vipande viwili, akavitazama sana. Kisha akamgeukia Kimya, uso umechangamka, bila ubaya wowote.

"Kumbe nusu ni hivi tu, mwalimu?"

Kimya alikuwa akimfundisha mtoto huyo nusu tangu mwaka uliopita. Alikuwa amempa sifuri, amemsimamisha ukutani, na siku zote ameandika kwamba kundi la nyuma wameelewa. Aliinamisha kichwa, akawa anaokota nyuzi zilizodondoka sakafuni, moja moja, ili mtoto asimwone usoni.

Baada ya kipindi alizikata kwa mstari kurasa zote za Jumapili. Chini yake akaandika, na safari hii mwandiko haukuwa mzuri: "Kundi la nyuma hawakuwa wameelewa. Sikuwahi kuwauliza." Akalisukuma daftari upande wa pili wa meza, bila kumtazama mwenzake.

Kijana alisoma. Kisha akavuta kiti, akaomba kalamu, akaandika panapoulizwa watabadilisha nini: "Jumatatu tuanzie nyuma. Wote wawili."